Mali Bila Daftari: Kuunda Kikundi cha Kujitolea cha Simu na Taarifa Kabla Maji Hayajaingia

Leo hatufundishi kutuma wala kutoa pesa, maana hilo wengi wenu mnalijua vizuri. Leo tunazungumzia ile siku ambayo mtaa mzima unatuma kwa wakati mmoja.

Tuseme ni usiku wa masika, Utange. Mvua imeanza tangu magharibi, na kufikia saa nane usiku nyumba kadhaa za bondeni zimeingia maji. Kabla ya alfajiri magrupu ya WhatsApp yameshajaa. Mmoja anauliza nani ana pikapu. Mwingine anatuma picha ya godoro likielea, na mtu anajibu kwamba picha hiyo aliiona mwaka jana. Saa nne asubuhi kuna nambari tatu za mchango, kila moja ya mtu wake, na kila moja ina watu wanaoiamini. Pesa zinaingia. Jumapili jioni mtu anauliza swali moja tu: "Zimeingia ngapi?" Grupu zima linanyamaza.

Ukimya huo ndio sababu ya somo hili. Watu wa Utange na majirani wa Shanzu, Majaoni na Kiembeni si wachoyo; mtu ambaye hajauza chochote leo bado atatoa shilingi 50. Kinachokosekana ni watu wachache waliokubaliana mapema nani anaandika, nani anathibitisha na nani anashika pesa. Wasipokuwepo, msaada wa kwanza unafika, lakini wa pili hautoki tena, kwa sababu watu wameshaanza kushukiana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata jirani mwema hupotea hivyo hivyo.

Kazi hii ilianzia kwetu

Usidhani kikundi cha teknolojia cha kusaidia wakati wa maafa ni jambo la Ulaya. Moja ya mifano inayojulikana zaidi duniani ilizaliwa Kenya. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimepamba moto, wakili na mwanablogu Ory Okolloh aliandika kwamba ingefaa kuwe na ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliungana naye na wengine, na kwa siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikawa hewani. Mwananchi aliweza kupeleka taarifa kwa SMS ama kwa intaneti.

Miaka miwili baadaye, Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi liliipiga Haiti, na programu hiyo iliyotoka Kenya ikatumika huko. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walijitolea kusoma taarifa na kuziweka kwenye ramani. Waathiriwa walituma SMS kwa nambari fupi 4636, lakini wengi waliandika kwa Kikrioli cha Haiti. Basi Wahaiti walioishi ng'ambo wakajitolea kutafsiri. Wengi wa watu hao hawakuandika hata mstari mmoja wa programu. Walisoma, wakauliza, wakathibitisha, wakapanga.

Kuna mfano mwingine unaotuhusu zaidi sisi wa pesa za simu. Mwaka huo huo wa 2008, shirika la Concern Worldwide lilitumia M-Pesa kupeleka pesa za chakula kwa zaidi ya kaya 500 katika Bonde la Kerio. Huduma yenyewe ilikuwa na takriban mwaka mmoja tu tangu izinduliwe Machi 2007, na familia nyingi hazikuwa na simu. Kwa hiyo kila kaya ilipewa laini yake, kisha kaya zikapangwa katika vikundi vya karibu 10, kila kikundi kikishiriki simu moja na chaja ya sola. Tutarudi kwa mfano huu tukifika kwa wasio na simu.

Halafu mwaka 2011, wakati wa ukame, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500. Lengo hilo lilipitwa, na sehemu kubwa ya wachangaji walikuwa wananchi wa kawaida wakituma kidogo kidogo kwa simu.

Hata Utange yenyewe inajua uzito wa orodha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia hapa hapa. Kambini, jina lako lisipokuwa kwenye orodha, huna mgao. Ukweli huo haujabadilika kwa sababu tu orodha imehama kutoka karatasi hadi simu.

Hatua ya 1: Chagueni kazi moja

Kikundi kinachotaka kufanya kila kitu huchoka wiki ya kwanza. Sisi tunapendekeza mjifunge kwa kazi tatu zinazoshikana: taarifa (nini kimetokea na wapi), orodha (nani ameathirika na anahitaji nini) na pesa (zimeingia ngapi na zimekwenda wapi).

Uokoaji msiuchukue. Mtu akizama ama nyumba ikishika moto, pigeni 999 ama 112, ama nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Waya wa stima ukianguka kwenye maji, watu wakae mbali na mpigie Kenya Power kwa 97771. Nambari hizi ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi, zibandikwe dukani, kwa kinyozi na kwa ajenti. Simu ikizima chaji, karatasi haizimi.

Hatua ya 2: Tafuteni watu, kisha wapeni kazi zenye majina

Mnahitaji watu 10 hadi 15 tu. Musiwatafute kwa vyeti. Ajenti wa pesa za simu anajua nani mtaani hajui kusoma ujumbe. Kijana wa saiba anajua kutengeneza jedwali. Mwanaboda anajua njia gani imekatika. Mhudumu wa afya ya jamii tayari anaingia nyumba kwa nyumba na anaaminika. Mzee wa mtaa anajua nani amehamia juzi na nani alishahama. Mwanafunzi wa chuo aliye likizo ana muda.

Kazi ziwe hizi:

• Mratibu: anafungua na kufunga kazi, anaongea na chifu, na Msalaba Mwekundu na vikundi vingine.
• Mwandishi wa orodha: yeye peke yake na msaidizi wake ndio wanaoandika kwenye orodha kuu.
• Mthibitishaji: anapiga simu ama anakwenda kuangalia kwa macho kabla ya jina kuingia.
• Mweka hazina: anasimamia malipo, lakini halipi peke yake.
• Msoma hesabu: hashiki pesa hata kidogo, kazi yake ni kulinganisha daftari na taarifa ya akaunti.
• Mtu wa vifaa: chaji, betri za akiba, kredi na bando.

Kila kazi iwe na watu wawili. Mmoja akiwa kazini Changamwe ama amekwenda matanga Kaloleni, mwingine anaendelea. Na mume na mke, ama ndugu wa tumbo moja, wasiwe mweka hazina na msoma hesabu. Hatusemi ni wezi. Tunasema mtaa utauliza, na ni bora jibu liwepo kabla ya swali.

Hatua ya 3: Jisajilini

Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kikundi cha jamii kinahitaji angalau wanachama 10, katiba yake, na kumbukumbu za kikao mlichokubaliana kujisajili na kuchagua viongozi. Mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, na huko mtaelezwa fomu na ada ya wakati huo. Katiba isiwatishe. Kurasa mbili tatu zinatosha zikisema lengo ni nini, viongozi wanachaguliwa vipi na kwa muda gani, pesa zinaidhinishwa na nani, na kikundi kikivunjika mali inakwenda wapi.

Cheti hicho ndicho kitakachowawezesha kufungua akaunti kwa jina la kikundi. Bila cheti mtabaki kutumia laini ya mtu, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Hatua ya 4: Pesa zisikae kwenye laini ya mtu

Hii ndiyo sehemu tunayoijua zaidi, kwa hivyo tuikalie kidogo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeaminika na kila mtu. Ameuza viazi karai pale stejini miaka mingi. Mafuriko yanatokea, watu wanasema, "Mama, tutume kwako." Anakubali kwa moyo safi. Lakini angalia yanayoweza kutokea kwenye laini yake:

Kwanza, kama ana deni la mkopo wa papo hapo kama Fuliza, pesa zinazoingia hukatwa kulipa deni hilo kabla hajazigusa. Hajaiba, lakini mchango wa watu umelipa deni lake. Pili, pesa za mchango na pesa za viazi ziko kwenye salio moja. Baada ya siku mbili hata yeye mwenyewe hawezi kuzitenganisha. Tatu, simu ikipotea ama ikiingia maji usiku huo huo, msaada wote unasimama. Nne, Mungu apishie mbali, akifariki, pesa hizo zinahesabiwa kuwa mali yake, na kikundi kitaanza kuzungushana na warithi.

Kwa hivyo fungueni akaunti ya kikundi yenye nambari ya kulipia, mfano Paybill ama Till, inayoonyesha jina la kikundi kabla mtu hajakamilisha kutuma. Mchangaji akiona jina lile lile lililo kwenye bango, moyo unatulia. Akiona jina jingine, asitume. Mtangazieni hivyo kila mara.

Kisha shikeni kanuni nne.

Kanuni ya watu wawili. Hakuna malipo yanayotoka bila mmoja kuandaa na mwingine kuidhinisha. Ulizeni mapema kama akaunti yenu inaweza kuwekwa hivyo, musisubiri siku ya mvua.

Ujumbe si pesa, salio ndilo pesa. Picha ya skrini inaweza kutengenezwa, na SMS ya uongo inaweza kutumwa na mtu yeyote. Pesa zinaandikwa zimeingia pale tu mweka hazina anapoziona kwenye taarifa ya akaunti yenyewe. Vivyo hivyo, mtu akipiga simu akilia kwamba ametuma 5,000 kimakosa badala ya 500, musimrudishie kwa kumtumia kutoka kwa akaunti. Mwelekezeni kwa huduma ya wateja, ombi lipitie utaratibu wake.

Hesabu ya ada ifanywe kabla. Ukimtumia mtu shilingi 1,200 na anahitaji pesa taslimu, atakatwa ada ya kutoa na atabaki na pungufu. Ama ongezeni ada hiyo juu, ama mkubaliane na mwenye duka apokee malipo kwa simu moja kwa moja, kisha mwathiriwa achukue unga na mafuta bila kupitia kwa ajenti.

Hesabu itolewe ndani ya saa 48, hata kama haijakamilika. Tuonyeshe kwa mfano. Tuseme zimeingia shilingi 23,450. Kaya 14 zimetumiwa 1,200 kila moja, jumla 16,800. Ada za kutuma, tuchukulie 23 kwa kila muamala, ni 322. Safari 3 za tuktuk kwa 400 ni 1,200. Mablanketi 6 kwa 650 ni 3,900. Jumla iliyotoka ni 22,222, salio ni 1,228. Mistari sita tu. Iandikwe kwenye karatasi ibandikwe dukani, na itumwe kwenye grupu. Usiandike majina ya waliopokea. Andika "kaya 14". Msoma hesabu peke yake ndiye anayelinganisha majina na malipo.

Tumeona watu wakiogopa kutoa hesabu kwa sababu kuna shilingi 150 haionekani imekwenda wapi. Itoe hivyo hivyo. Andika, "150 haijapatikana maelezo, tunaifuatilia." Mtaa husamehe shilingi 150 iliyotajwa. Iliyofichwa hauisamehi.

Hatua ya 5: Orodha ni amana

Orodha ya waathiriwa ina majina, nambari za simu na shida za watu. Kwa mlaghai hiyo ni dhahabu. Akiipata, atapiga simu mchana huo huo: "Tunatoka kikundi cha msaada, tumekutumia 3,000, nisomee ile nambari uliyopokea." Mtu aliyepoteza godoro usiku anapoteza na akiba yake mchana. Ndiyo maana tunasema orodha isisambazwe kwenye grupu kubwa, hata kwa dakika tano.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inataka mkusanye kile tu mnachohitaji na kwa kusudi mlilomweleza mtu. Kwa kazi yenu, safu sita zinatosha: namba ya kaya, jina la anayepokea, simu, idadi ya watu nyumbani, eneo, na hitaji la haraka kama dawa ama maziwa ya mtoto. Musipige picha ya kitambulisho. Musiulize kabila wala chama. Nambari ya siri musiiulize kamwe, hata kwa kutaka kumsaidia mtu asiyejua kutumia simu. Kazi ikiisha, orodha ya kina ifutwe kwenye simu za wote, ibaki nakala moja kwa msoma hesabu kwa muda mliokubaliana kwenye katiba.

Sasa wale wasio na simu. Hawa ndio wanaosahaulika, kwa sababu orodha nyingi huanza na safu ya nambari ya simu. Nyanya anayeishi peke yake nyuma ya msikiti hayuko WhatsApp. Ama ana laini, lakini simu inakaa na mjukuu aliyeko kazini Mtwapa. Ukituma, pesa zinaingia kwa mjukuu saa tatu, na nyanya analala njaa akiambiwa kikundi hakikuleta kitu.

Mfano wa Bonde la Kerio unatufundisha kitu hapa. Laini ilikuwa ya kaya. Simu tu ndiyo ilishirikiwa. Kwa hivyo nyanya akiwa na kitambulisho, msaidieni siku za kawaida asajili laini yake mwenyewe, na aitumie kwenye simu ya jirani anayemwamini. Kama haiwezekani, yeye mwenyewe achague mtu wa kumpokelea, mbele ya shahidi. Na baada ya kutuma, mthibitishaji aende kwa miguu:

"Shikamoo nyanya."
"Marahaba mwanangu."
"Nyanya, kikundi kimetuma shilingi 1,200 kwa jirani yako uliyemchagua. Je, zimekufikia?"
"Zimefika elfu moja."
"Sawa nyanya, nashukuru. Wacha tuulize hiyo mia mbili."

Inawezekana mia mbili ni nauli ya boda ama ada. Inawezekana si hivyo. La maana ni kwamba mmejua siku hiyo hiyo, na jirani naye amejua kwamba mnauliza.

Hatua ya 6: Vifaa rahisi, na mpango wa siku mtandao ukipotea

Musianze kwa kuunda programu mpya. Anzeni na mlivyo navyo: simu ya kupiga, SMS, jedwali moja la kompyuta ama la simu, na grupu la WhatsApp ambalo viongozi pekee ndio wanaoweza kuandika. Grupu la matangazo likiruhusu kila mtu kuongea, tangazo la maana litapotea katikati ya dua na picha za jana.

Ongezeni ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, kupitia mradi wa Map Kibera, walizunguka mtaa wao na vifaa vya kupimia mahali na kuchora vichochoro, vyoo, shule na zahanati kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Nanyi mnaweza kuchora Utange yenu: visima, mahali maji yanapotuama, shule na misikiti na makanisa yanayoweza kupokea watu, na ajenti walio karibu. Kisha ichapisheni kwenye karatasi. Kila nyumba ipewe eneo, mfano A hadi F, ili mtu akisema "eneo C, nyuma ya kisima", wote mjue ni wapi.

Na siku stima ikikatika na mtandao ukayumba? Kubalianeni sasa: mtakutana wapi, saa ngapi, na daftari la karatasi liko kwa nani. Mweka hazina awe na pesa taslimu kidogo, kiasi kilichoandikwa kwenye katiba, kwa sababu ajenti naye anaweza kuwa amefunga ama ameishiwa na fulusi za kutoa.

Hatua ya 7: Kikundi kinalishwa wakati wa kiangazi

Kuunda kikundi katikati ya maafa ni rahisi, maana kila mtu ana moto. Shida ni mwezi wa nne baadaye, jua linawaka na hakuna anayejibu ujumbe wa mratibu. Vikundi vingi hufa hapo, kimya kimya. Haya ndiyo tunayopendekeza:

Kutaneni mara moja kwa mwezi, saa moja tu, siku isiyobadilika. Ajenda iwe fupi: salio, nambari zilizobadilika, jambo moja la kujifunza.

Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mratibu anatuma ujumbe bila kuwaonya: "Hili ni zoezi. Kila mtu aripoti eneo lake." Hesabuni imechukua dakika ngapi na nani hakupatikana. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurika Pwani, maji hayakumsubiri mtu abadilishe nambari ya simu kwenye orodha ya zamani.

Kuweni na kazi ya siku za kawaida. Jumamosi moja kwa mwezi, kaeni karibu na ajenti muwafundishe wazee kusoma ujumbe, kuangalia salio, kuhakikisha jina kabla ya kutuma na kumtambua mlaghai. Wanafaidika, na nanyi mnajulikana. Siku ya mvua, nyanya atamfungulia mlango mtu aliyemfundisha kutumia simu.

Lipeni gharama za mtu anayejitolea. Kujitolea ni kutoa muda. Hakumaanishi mtu anunue bando na mafuta ya boda kutoka kwa chakula cha watoto wake. Wekeni ada ndogo ya mwezi, hata shilingi 50, iwe mfuko wa kredi, nauli na chaji. Mfuko huo usichanganywe na pesa za waathiriwa. Ziwe akaunti mbili, ama angalau madaftari mawili.

Pangeni zamu za saa sita, mtu aende alale. Mtu aliyekesha siku mbili huandika 0721 mahali pa 0712, na pesa zinakwenda kwa mgeni.

Fungeni kazi rasmi. Mratibu atangaze: "Kazi imeisha leo, hesabu ni hii, salio ni hili, orodha imekabidhiwa." Bila kufunga, lawama za mwezi ujao zitaangukia kazi ambayo nyinyi mnadhani mlishaimaliza.

Mwisho, badilisheni viongozi. Mweka hazina mzuri akikaa miaka mitano, kikundi kinakuwa ni yeye. Akihama Utange, kinahama naye. Miaka miwili, kisha amfundishe mwingine.

Na siku mkilaumiwa

Mtalaumiwa tu. Mtu atasema mmewapa watu wenu, ama mmekula. Musigombane kwenye grupu. Mwambieni, "Karibu Jumamosi saa nne, tufungue daftari pamoja." Msoma hesabu awepo. Akikuta kosa, lisahihishwe na litangazwe. Asipokuta, atatoka hapo akiwa shahidi wenu mkubwa. Lakini hilo linawezekana tu kama daftari lipo, ndiyo maana tumelirudia tangu mwanzo.

Jipime

1. Rafiki yako ametuma picha ya skrini kuonyesha amechanga 2,000. Je, unaandika zimeingia? (La. Subiri mweka hazina azione kwenye taarifa ya akaunti.)
2. Mfadhili anataka orodha yote yenye nambari za simu ili "athibitishe". Utampa? (Mpe idadi na hesabu. Akitaka kuthibitisha, msoma hesabu amtembeze kwa kaya zilizokubali kutembelewa.)
3. Mwenzako anasema ni haraka, apewe nambari ya siri ya akaunti alipe peke yake. Utafanyaje? (Usimpe. Ndiyo maana kila kazi ina watu wawili. Mpigie yule wa pili.)

Ya kufanya wiki hii

Ukimaliza kusoma, usingoje kikundi kizima. Tafuta watu wawili unaowaamini, mmoja anayejua simu na mmoja anayejua watu. Kaeni nusu saa. Andikeni nambari za dharura, majina 10 ya watu mnaoweza kuwaalika na tarehe ya kikao cha kwanza. Kisha nunueni daftari moja la mistari, muandike kwenye ukurasa wa kwanza: zilizoingia, zilizotoka, salio.

Leo zote ni sifuri, na hiyo ndiyo siku nzuri ya kuanza kuandika.